Harry Johnston, mchoraji aliyempaka okapi rangi bila kumwona msituni

Tangu mwezi wa pili mwaka 2002, wakaaji wa Masisi na Walikale wanapofungua redio kutafuta habari za usalama wanasikia jina la mnyama. Radio Okapi ilichukua jina hilo kwa sababu okapi ni alama ya Kongo, na msituni hapatikani katika nchi nyingine leo. Wengi wanaolisikia jina kila asubuhi hawajawahi kumwona mwenyewe. Ni mnyama wa msitu mzito, anayetembea peke yake na kusikia nyayo za mtu kutoka mbali. Misitu inayotoka Walikale kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Maiko ni moja ya sehemu ambazo bado anaishi.

Wataalamu wa wanyama wanamwita okapi kwa jina la Kilatini, Okapia johnstoni. Nusu ya kwanza ya jina hilo imetoka midomoni mwa Bambuti. Nusu ya pili ni jina la Mwingereza mmoja, Harry Johnston, aliyefika Beni mwaka 1900 akiwa na homa, daftari na kisanduku cha rangi za maji. Hakumwona okapi hata mmoja msituni. Hata hivyo, picha aliyoipaka ndiyo iliyowaonyesha watu wa Ulaya sura na rangi za mnyama huyo kwa mara ya kwanza.

Harry Hamilton Johnston alizaliwa Kennington, mtaa wa London, tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 1858. Alikuwa mtu mfupi sana, na wakubwa wengi waliokutana naye mara ya kwanza walimdharau kwa kimo chake kabla ya kujuta. Tangu utoto alipenda mambo mawili, wanyama na kuchora. Alikuwa akienda kwenye bustani ya wanyama ya London na kukaa mbele ya vizimba kwa saa nyingi akiwachora. Baadaye akaingia katika shule ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa, na huku akijifunza lugha. Sikio lake kwa lugha lilikuwa jepesi kama mkono wake kwa brashi.

Mwaka 1879, akiwa na miaka 21, alikwenda Tunis kupaka picha. Ulikuwa mji wa pwani wenye nyumba nyeupe, masoko yaliyofunikwa na meli za mataifa mengi, na kila taifa la Ulaya lilikuwa na balozi wake mdogo pale. Kijana huyo alikaa mpaka mwaka uliofuata akichora milango, watu na vivuli. Aliona pia namna mabalozi wa Ufaransa na Italia walivyokuwa wakigombania nchi ambayo haikuwa yao. Mwaka 1881 Ufaransa iliichukua Tunisia. Johnston alikuwa amepata somo la sanaa na la siasa katika safari moja, na maisha yake yote hakuyatenganisha tena.

Kabla hajafika Kongo, ni vizuri kujua kazi yenyewe ilikuwaje. Wakati ule kamera ilikuwa mzigo mzito, yenye vioo vya kubeba kwa uangalifu, na haikutoa rangi. Msafiri aliyetaka kuonyesha bandari, mlima au ndege jinsi alivyo alihitaji karatasi nzito, penseli, brashi na vidonge vya rangi vya kuloweshwa kwa maji. Rangi ya namna hiyo haisamehe. Ukikosea huwezi kuifuta kama chokaa ukutani, na weupe wa picha ni ule wa karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Katika joto kavu inakauka kabla mkono haujamaliza. Katika unyevunyevu wa msitu inakataa kukauka, na ukungu unakula karatasi ndani ya sanduku.

Na vifaa hivyo Johnston aliondoka mwaka 1882 pamoja na tajiri mmoja mwenye cheo, Earl wa Mayo, kwenda kusini mwa Angola. Walipoachana, yeye akaendelea na safari kuelekea kaskazini mpaka mdomo wa mto Kongo. Alianzia Banana, ulimi wa mchanga kati ya mto na bahari, ambapo Waholanzi na wafanyabiashara wengine walikuwa na maghala ya mafuta ya mawese na pembe za ndovu. Akapanda Boma, bandari ya zamani ambako watumwa wengi walipitishwa kabla biashara hiyo haijakatazwa. Kutoka huko akafika Vivi, kituo ambacho Stanley alikijenga juu ya kilima kwa niaba ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji.

Stanley alimpokea vizuri na kumpa ruhusa ya kupanda juu. Johnston akapita maporomoko kwa miguu, akafika Léopoldville, ambayo ni Kinshasa ya leo, kisha akaendelea mpaka Bolobo. Njiani alichora kila kitu: vituo, mitumbwi, majani, ndege wa mtoni, nyuso za watu. Kitabu chake juu ya mto Kongo kilitoka London mwaka 1884, chenye picha zake mwenyewe.

Mtu akitazama picha za aina hiyo leo anaona mto mpana, mitende, nyumba za mbao na bendera. Ni kazi ya mkono mzuri, lakini kuna mengi ambayo hazisemi. Haziwaonyeshi vya kutosha wachukuzi waliobeba vipande vya meli kichwani kupita maporomoko, wala haziambii machifu walikuwa wanaweka alama zao juu ya karatasi za namna gani. Johnston aliondoka Kongo akimsifu Stanley na kazi ya mfalme. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo wa 1884, wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, na mwaka uliofuata Léopold akawa na nchi nzima mikononi. Picha za mchoraji kijana hazikuleta jambo hilo, lakini zilisaidia wasomaji wa Ulaya kuiona Kongo kama shamba zuri linalongoja mwenyewe.

Mwaka huo wa 1884 alikuwa tayari upande mwingine wa Afrika. Alipita Zanzibar na Mombasa, akapanda kwenda Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama kwa ajili ya wataalamu wa Uingereza. Huko alifanya mikataba na machifu, na karatasi zile zikaingia baadaye katika madai ya Waingereza juu ya nchi inayoitwa Kenya leo. Kiswahili alikijifunza vizuri. Serikali yake ikaona kwamba mtu anayechora mlima, anayeandika lugha na anayejua kumshawishi chifu kuweka alama ana faida kuliko askari mia.

Ikampa kazi ya ubalozi katika Afrika ya Magharibi, na hapo ndipo doa kubwa la maisha yake linapatikana. Opobo, katika Nigeria ya leo, ilikuwa bandari ya mawese chini ya mfalme Jaja, mtu aliyewahi kuwa mtumwa na kupanda kwa akili yake hadi kutawala biashara ya eneo lote. Jaja hakukubali Wazungu wampite na kununua moja kwa moja kwa watu wa ndani. Mwezi wa tisa mwaka 1887 Johnston alimwita kwenye meli ya kivita kwa mazungumzo, akimpa ahadi kwamba atarudi nyumbani salama. Jaja akaja. Hakurudi. Alipelekwa Accra kuhukumiwa, kisha uhamishoni katika visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 akafa njiani alipokuwa anarudishwa kwao. Hata huko Uingereza kulikuwa na watu waliona aibu kwa jambo lile. Johnston alipandishwa vyeo.

Wakongomani wana hesabu nyingine naye ambayo haijulikani sana. Mwaka 1890, akifanya kazi pamoja na Cecil Rhodes, alimtuma Alfred Sharpe kwenda Katanga kutafuta alama ya mfalme Msiri kwenye mkataba wa Waingereza. Msiri alikataa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891 kikosi cha Léopold kilimuua Msiri, na shaba ya Katanga ikabaki upande wa Kongo. Ni Johnston huyohuyo anayetajwa kuwa kati ya watu wa kwanza kueneza wazo la Waingereza kutawala mfululizo kutoka Cape mpaka Cairo. Miaka iliyofuata alitawala Nyasaland, Malawi ya leo, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa, na mwaka 1895 akamnyonga Mlozi wa Karonga. Homa ilimwangusha mara kadhaa. Mwaka 1896 akaoa, akapewa cheo cha Sir, kisha akarudi Tunis kama balozi, kwenye mji uleule alioupaka rangi akiwa kijana.

Mwaka 1899 alitumwa Uganda kuweka utawala sawa. Mkataba wa Buganda wa mwezi wa tatu mwaka 1900, uliogawa ardhi kwa wakubwa na kuleta kodi ya nyumba, ulikuwa kazi yake. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo sana, na wakubwa waliomsimamia ndio waliojadiliana. Migogoro ya ardhi iliyotokana na mgawanyo ule haijaisha mpaka sasa.

Ni katika miezi hiyo ya Uganda ndipo habari ya okapi ilipomfikia, tena kwa njia ya ajabu. Mjerumani mmoja alikuwa ameingia katika misitu ya Ituri na kuchukua kundi la Bambuti kwa nguvu ili awapeleke Paris kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900, kama watu wanavyoonyesha wanyama. Wakubwa wa Serikali Huru ya Kongo walipinga, na Johnston akaingilia kati. Bambuti wakaponyoka mikononi mwa yule Mjerumani, wakakaa na Johnston kwa muda, naye akaahidi kuwarudisha kwao. Safari hii ahadi aliitimiza.

Wakati wanangoja, Johnston aliwauliza maswali. Alikumbuka kwamba Stanley, katika kitabu cha mwaka 1890, aliandika kwa ufupi juu ya mnyama kama punda ambaye Bambuti walimnasa katika mashimo. Punda ndani ya msitu mzito lilikuwa jambo lisiloeleweka, maana punda na pundamilia ni wanyama wa nyika. Bambuti hawakusita. Walimjua mnyama huyo, jinsi anavyokula majani, ilivyo milia ya miguu na mapaja yake, na rangi ya mgongo wake. Walitaja jina lake, na Johnston akaliandika alivyolisikia.

Kwa macho ya leo, huu ndio ugunduzi wenyewe. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kupeleka habari London.

Katikati ya mwaka 1900 Johnston aliondoka na Bambuti wake, akapita Toro, akavuka mto Semuliki na kuingia ngome ya Wabelgiji iliyoitwa Mbeni wakati ule, yaani Beni. Maafisa wa ngome hawakushangaa. Walimwambia kwamba mnyama huyo anajulikana, askari wao wanamla, na ngozi yake wanaikata mikanda. Akapewa vipande viwili vya ngozi yenye milia vilivyokwisha kukatwa kwa matumizi hayo. Halafu akaingia msituni na wenyeji ili amtafute mnyama mzima.

Siku moja walimwonyesha nyayo. Zilikuwa nyayo za kwato zenye mpasuko katikati, kama za ng'ombe au mbuzi. Johnston alikataa. Kichwani mwake mnyama huyo alikuwa ndugu wa punda, na punda ana kwato moja isiyo na mpasuko. Akadhani wanamchezea, kwamba wamemwonyesha nyayo za pofu ili wamridhishe tu. Hivyo, mtu aliyetumia maisha yake kutazama kwa makini aliziona nyayo za okapi na macho yake na hakuzikubali, kwa sababu waliomwonyesha hawakuwa na vitabu. Homa ikalishika kundi lake zima, wakalazimika kutoka msituni mikono mitupu.

Vipande vile viwili vya ngozi vilifika kwenye Chama cha Wanyama cha London. Mwanzoni mwa mwaka 1901 mtaalamu Philip Sclater, akifuata wazo lilelile la punda, aliingiza mnyama huyo katika jamaa ya farasi na kumpa jina la Johnston. Kosa halikudumu. Karl Eriksson, afisa wa Sweden aliyekuwa anaitumikia Serikali Huru ya Kongo huko Beni, alimtumia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Johnston alipoyafungua, jambo likawa wazi. Kwato zilikuwa na mpasuko. Meno na fuvu vilifanana na vya twiga. Bambuti walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo alipochukua brashi. Alikuwa na ngozi mbele yake, mafuvu, na maelezo ya watu wa msitu akilini, lakini hakuwa na mnyama wa kumtazama. Ilimbidi abuni urefu wa shingo, namna ya kusimama, mahali masikio yanapoelekea. Rangi hakuibuni. Hudhurungi ile ya mgongo iliyo karibu na nyekundu, mashavu meupe, milia myeupe na myeusi ya mapaja na miguu, hivyo vyote alivipata kwenye ngozi. Picha hiyo ya rangi za maji ilichapishwa katika majarida ya Chama cha Wanyama mwaka huo wa 1901. Mtaalamu Ray Lankester akatengeneza jina jipya, Okapia, na kuliacha lile la johnstoni nyuma yake.

Ukilinganisha picha ile na okapi halisi, unaona mahali ambapo mchoraji alikisia. Lakini ni lazima kukiri kwamba mtu aliyepata ngozi na mifupa tu alifika karibu sana. Zile saa za utotoni mbele ya vizimba hazikupotea.

Johnston alirudi Uingereza mwaka huo, akiwa na miaka 43 na afya iliyovunjika, na hakupewa tena nchi ya kutawala. Alijaribu kuingia bungeni, akashindwa. Akabaki na kalamu. Na hapa ndipo alipobadilika kuhusu Kongo. Habari za raba zilikuwa zimeanza kutoka: vijiji vilivyochomwa, watu waliokatwa mikono, wanawake waliofungwa mpaka waume wao walete mzigo. Mwaka 1906 Edmund Morel alipotoa kitabu chake cha kuushtaki utawala wa Léopold, Johnston ndiye aliyeandika utangulizi. Mtu yuleyule aliyeisifu Vivi mwaka 1884 sasa aliweka jina lake chini ya mashtaka. Hakuacha kuamini kwamba Wazungu wana haki ya kutawala Afrika, na mengi aliyoyaandika juu ya rangi za watu ni machungu kuyasoma. Alichokataa ni wizi na mauaji. Mwaka 1908, ule ambao Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme wake Kongo, alitoa vitabu viwili vikubwa juu ya mmisionari George Grenfell na nchi ya Kongo.

Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa ilihusu lugha. Kati ya mwaka 1919 na 1922 alichapisha utafiti wa kulinganisha lugha za Kibantu, wenye maneno ya mamia ya lugha na lahaja yaliyopangwa bega kwa bega. Aliandika pia riwaya na kitabu cha maisha yake. Mwaka 1925 alipooza. Tarehe 31 mwezi wa saba mwaka 1927 akafa akiwa na miaka 69. Katika kanisa la kijiji cha Poling, Sussex, alikokuwa na nyumba, kuna jiwe la kumbukumbu lake lililochongwa na Eric Gill, mmoja wa wachongaji mashuhuri wa Uingereza wa wakati huo.

Okapi alipewa ulinzi wa sheria Kongo mwaka 1933. Hifadhi ya Maiko ilianzishwa mwaka 1970, na ile ya okapi kule Ituri mwaka 1992. Sheria hizo hazikuzuia vita, mitego na machimbo kuingia msituni, na mwaka 2013 okapi aliwekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kwenye Hifadhi ya Virunga, upande wa Beni, wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa kwamba bado yupo.

Mwezi wa tisa mwaka 2008, Chama cha Wanyama cha London, kilekile kilichopokea vipande viwili vya ngozi kutoka kwa Johnston, kilitoa picha zilizopigwa na kamera zilizofungwa kwenye miti ndani ya Virunga pamoja na walinzi wa hifadhi wa Kongo. Hakuna mtu aliyekuwa nyuma ya kamera. Okapi alikuwa akipita gizani, milia ya mapaja yake ikimetameta kwa mwanga wa mashine, na ilitangazwa kuwa mara ya kwanza okapi kupigwa picha akiwa huru msituni.